Tawi la Juu

Mwaka ule wa ukame baba mdogo alibakiwa na ng'ombe mmoja mwenye ndama, na mgunga mmoja nyuma ya boma lake kule Getanuwas. Nyasi zilikuwa zimekwisha. Kila asubuhi alipanda na panga, akakata matawi machache, ng'ombe akala. Tawi la juu kabisa hakuligusa. Kwao ndivyo ilivyo: mti huachiwa tawi moja, na ukishakatwa hupumzishwa mwaka mzima.

Nilifika likizo, nikamwamkia, nikaukuta mgunga umechipua kabla hata ya tone la mvua. Nilifurahi kana kwamba nimeuchipusha mimi. Nilikuwa nimesomea misitu chuo kikuu, na hakuna mtu pale bomani aliyewahi kuniuliza chochote, kwa hiyo nilijibu bila kuulizwa. Nikamweleza kwamba wakati wa mvua mti huweka wanga kwenye shina na mizizi, kama sisi tunavyoweka mahindi ghalani, halafu kiangazi huutumia. Machipukizi yale, nikasema, ni ushahidi kuwa ghala limejaa. Akate tena, na lile la juu pia.

"Wewe umeliona hilo ghala?" akaniuliza.

Nikasema ni jambo linalojulikana. Alimtazama ng'ombe, mbavu zote nje, akapanda.

Ng'ombe alikula siku nne. Mti haukuchipua tena.

Wiki kadhaa baadaye nilirudi na kichupa cha iodini kutoka duka la dawa. Nilifukua mzizi, nikauchonga, nikadondoshea. Penye wanga hugeuka bluu iliyoiva, karibu na nyeusi. Pale palibaki kahawia ileile ya dawa. Ghala lilikuwa tupu. Machipukizi niliyoyashangilia ndiyo yaliyokuwa akiba ya mwisho, na tuliyakata kwa ushauri wangu. Jaribio hilo ningeweza kulifanya siku ya kwanza.

Ng'ombe alikufa kabla ya mvua, ndama akafuata. Mvua iliponyesha, migunga ya majirani, iliyoachiwa matawi yao ya juu, ilirudisha majani. Wetu ulisimama mkavu.

Baba mdogo hakunilaumu. Nilipokwenda tena, mama mdogo alinikaribisha chai ya rangi, maana maziwa hayakuwapo. Chini ya sufuria niliona gome ninalolifahamu.

"Unawaka vizuri," alisema baba mdogo, akisogeza kuni. "Hauna kitu ndani."