Nilivyoviosha Vioo vya Mzee Hoza

Mama yangu alinichapa siku moja kwa sababu ya bakuli. Nililirudisha kwa jirani likiwa na masalia ya maharage, na kwetu chombo cha mtu hakirudi kichafu. Bakuli lenyewe lilikuwa la bati, limechubuka kila upande, lakini fimbo niliipata.

Basi, miaka ya vijiji vya Ujamaa nilikuwa mfagizi wa hospitali kule Lushoto. Daktari mmoja alikuwa anachunguza saratani za damu. Alimchoma Mzee Hoza, mwashi, sindano nene mpaka ndani ya mfupa wa nyonga, akavuta uboho, maana damu hutengenezwa humo. Mimi ndiye niliyemshika mabega. Alilia, mtu mzima yule.

Daktari akaupaka uboho kwenye vioo vidogo, akaniambia, "Vioo hivi ni vya hospitali ya Tanga, wapelekee leo."

Nikavitazama, vina madoa, tena ni vya watu. Nikavisugua kwa sabuni bombani, nikavifunga kwenye karatasi, nikajiona mstaarabu kweli.

Daktari akaja kuandika jina la mgonjwa, akafungua kifurushi.

"Madoa yako wapi?"

"Nimeyatoa, daktari. Yalikuwa yameganda."

Akakaa kwenye ngazi. "Hayo ndiyo yaliyokuwa yanakwenda kupimwa."

Mzee Hoza alikuwa kwenye benchi, mkono nyongani. "Mwanangu," akaniuliza taratibu, "kwa hiyo nichomwe tena?"

Nikaegemeza ufagio ukutani, nikashuka kwa miguu hadi Soni, kisha Mombo, na hospitali ile sijaikanyaga tena mpaka leo.