Jina la Bibi Lilipanda Ndege

Baba mdogo wangu alikuwa na friji sebuleni. Jikoni kwake nafasi ilikuwepo, niliiona mwenyewe, lakini friji ya jikoni mgeni haioni. Basi ilisimama katikati ya viti, imevishwa kitambaa cha kufuma, na kila alipotaka tujue kwamba sisi si kitu, aliinuka, akaifungua, akatazama ndani kwa makini, akaifunga. Hakutoa hata chupa ya maji. Karibu mwaka mzima, kila Jumapili, nilikaa kwenye kona ya sebule ile mikono magotini, nikiitazama friji, kwa sababu mtu huyu ndiye aliyeshika njia yangu ya kwenda kusoma.

Nilikuwa nimemaliza sekondari kwa masista wa Kolwezi, na chuo kikuu kimoja cha Ubelgiji kilikuwa kimekubali kunipokea nisomee dawa. Sharti lao lilikuwa kwamba ada ya mwaka wa kwanza, ile tuliyoiita minervali, iwafikie kwanza, kwa faranga za kwao. Fedha baba alikuwa nazo. Aliuza samaki wa chumvi. Walikuja kwa treni kutoka pwani ya Angola hadi Dilolo. Yeye akawafuata Dilolo, akawaleta kwa magunia, na wake wa wachimbaji wa Kolwezi wote walimjua. Lakini noti zetu za zaïre, zenye picha nzuri, ukivuka nazo mpaka zilikuwa karatasi tu. Kuzibadilisha kulitaka ruhusa ya benki, na ruhusa ilitaka uwe na mtu. Mtu wetu alikuwa mdogo wake baba, mkubwa wa ofisi katika benki moja pale mjini, yule mwenye friji.

Tulikwenda kwake na samaki. Kwenda mikono mitupu kwa mtu kama yule ilikuwa kumtukana. Tulingoja barazani hadi amalize usingizi wa mchana. Alitoka amefunga abakosti, ile suti ya wakubwa isiyo na tai, hadi shingoni, nyumbani kwake, siku ya mapumziko, na beji ya Chama kifuani, asije mbwa wake akamsahau ni nani. Alichukua samaki, akamnusa, akakunja uso, akasema hii ni chakula ya batu ba mugodi, kisha akampeleka jikoni. Hakumrudisha hata mmoja. Baba yangu, kaka yake mkubwa, aliyemlipia shule tangu darasa la kwanza, alisema asante.

Hapa lazima niseme juu ya bibi. Bibi alikuja na babu kutoka Kasongo, akazaa wana hao wawili, akafa kabla sijazaliwa. Kwetu mtoto anayepewa jina la bibi anakuwa mama wa wana wa bibi. Baba hakuniita binti yangu. Aliniita mama, na hata alipokasirika alikasirika kwa adabu. Baba mdogo naye alimpa binti yake jina lilelile, maana tulizaliwa masika mamoja na kila mmoja alimtaka mama yake nyumbani. Kwa muda mrefu haikuwa shida, kwani mimi nilikuwa na jina langu la msikitini na yeye lake. Kisha ikaja amri ya kuvua majina ya kigeni, tubaki na ya mababu tu. Tukayavua. Tukajikuta, mbele ya serikali, wasichana wawili wenye jina moja, mwaka mmoja na mji mmoja.

Baba mdogo alimwita binti yake mama. Mimi hakuniita hivyo hata siku moja. Aliniita we ya samaki.

Baba alimpa fedha zote mkononi. Mwishoni baba mdogo alimtuma dereva wake atuambie kwamba ruhusa imetoka na minervali imekwenda. Mama yangu alikaa chini jikoni akalia. Kisha akainuka, akapanga nguo zangu kwenye valizi siku ileile, akaweka juu kabisa sweta la bluu alilolifuma mwenyewe tangu nilipopata barua ya chuo. Baba akasema twende nayo kwa mdogo wake, aitazame kama inafaa, kwa kuwa yeye alikwisha kufika Ulaya na anajua mambo ya huko. Ndivyo baba yangu alivyokuwa. Aliibeba mwenyewe begani, akiwa na kanzu yake ya Ijumaa, na njiani aliwasalimu watu ambao kwa kawaida hakuwasalimu.

Sebuleni tulimkuta binti wa baba mdogo amesimama mbele ya friji, amevaa koti zito la baridi. Oktoba ya Kolwezi, joto linapasua kichwa, na yeye anazunguka taratibu ili mama yake amwone mgongoni. Jasho lilimtiririka puani. Hakunitazama.

"Ingia, yaya," baba mdogo akamwambia kaka yake. "Kuya umuone mama. Anaenda Alamisi."

Baba akacheka kwa furaha. "Na uyu wangu? Banaenda pamoja?"

"Ruhusa ni moja, yaya. Jina ni moja. Kule Bulaya banaita jina, habaite sura."

Ilichukua muda baba kuelewa. Mimi nilielewa mara moja. Alama zilikuwa zangu; binti yule alirudia darasa la tano na hata hivyo aliponea chupuchupu. Fedha zilikuwa za baba yangu. Jina lilikuwa la bibi. Upande wao ulitoa miguu tu, ya kupandia ndege.

"Lakini ile makuta ya minervali," baba akasema, "ilikuwa ya uyu mutoto."

"Ilikuwa ya mama," akajibu mdogo wake, bila haya, kwa sauti ileile aliyoitumia kueleza watu mambo ya benki. "Mama yetu anaenda Bulaya, yaya. We ndiye utamukataza? Mwaka yenye kuya tutatuma na uyu wako."

Nikamngoja baba. Alikuwa mtu wa kugombana na wakuu wa stesheni na askari wa mpakani. Nilikwisha kumwona Dilolo akimshika mtu mzima ukosi kwa sababu ya gunia moja. Lakini mjinga yule aliyevaa abakosti alijua pa kumshika. Alijua kaka yake hawezi kutamka, kwa kinywa chake, kwamba mama asiende. Angeweza kukataa hoja, angeweza hata kumkataa ndugu. Jina lile hakuweza.

"Basi," baba akasema, akitazama sakafu, "mama aende muzuri."

Nilimdharau siku ile, baba yangu mwenyewe, na dharau hiyo ilinikaa muda mrefu kuliko nilivyotaka. Tulikuwa tumefika mlangoni baba mdogo aliposema tena:

"Yaya, ile valizi si muiache? Ya mama ni kadogo."

Baba akaishusha begani, akaiweka chini kando ya friji, akainyoosha isikae upande. Tulirudi nyumbani. Mama alipouliza valizi iko wapi, baba alijibu kwamba imekwenda, akaingia kuswali.

Mwaka yenye kuya ulikuja na vita vya Angola. Reli ya upande ule ikafungwa, samaki wa chumvi hakushuka tena Dilolo, na baba akabaki na magunia matupu na mizani. Baba mdogo hakutaja tena zamu yangu. Alikuwa na kazi nyingine, ya kusimulia harusini na matangani kwamba binti yake yuko Bulaya anasomea dawa. Juu ya friji aliweka picha ya binti huyo akiwa kwenye theluji. Alikuwa amevaa lile sweta la bluu. Mama yangu aliitazama mara moja, akasema mkono wa kushoto umevutika, hakwenda tena nyumba ile. Baadaye tulisikia kwamba masomo hayakumaliza mwaka, kwamba ameolewa, na kwamba maduka ya dawa anayajua kama mimi ninavyoyajua, kwa kuingia na kununua. Nilifundisha darasa la nne. Mishahara ilipokoma, niliuza samaki wa moshi kutoka ziwa la Nzilo, na waliosema nimerudi nilikotoka walikuwa wanasema kweli.

Kisha mgodi ukalala, benki ikafunga milango, na wakubwa wa mji wakaanza kuuza vitu vyao. Friji ilikwenda mapema. Siku moja baba mdogo akatokea mbele ya meza yangu sokoni, abakosti ileile imepauka mabegani, vifungo vimebaki viwili, beji haipo. Wanunuzi walikuwa wamejipanga. Aliwapita kama zamani, akachukua samaki, akamnusa. Tabia haikumtoka. Safari hii hakukunja uso.

"Mama," akasema.

Tangu tumzike baba hakuna mtu mzima aliyekuwa ameniita hivyo. Neno lilinigusa, na kwa kuwa lilitoka kinywani mwake lilinitia hasira iliyoniteremka hadi mikononi.

"Mama, unisaidie hata samaki babili. Ule wa kule hatume tena kitu. Na we si mutoto wangu?"

Nikamwondolea samaki mkononi, polepole, kwa sababu alikuwa mzee.

"Mama yako alienda Bulaya, baba mudogo," nikamwambia. "We mwenyewe ulimutuma."

Nikamfunga yule samaki gazetini, nikampa mwanamke aliyekuwa nyuma yake.