Siri ya Binamu Niliyoiimba Dunguni

Kosa ni langu. Mpaka leo naisikia honi ya bodaboda ikikatiza kilio cha binamu yangu kwenye simu. Alinitumia sauti yake akiwa barabarani Dar: "Binamu, huku kila mtu anajua anakokwenda. Mimi nazunguka tu. Nikijitazama kwenye kioo cha duka naona yule siyo mimi. Usimwambie mama."

Sikumwambia mama yake. Niliimba.

Nilikuwa na hasira naye. Wimbo niliotunga mimi, niliouota kila siku kwamba utanitoa, alikuwa ameurekodi huko mjini kwa jina lake. Nilipomuuliza alicheka. "We ungeuimba wapi, kwa ndege wa huko kijijini Mofu?"

Haya, nikasema, kwa ndege hao hao.

Mpunga ukianza kukomaa tunaamia ndege. Unapanda dungu, jukwaa la miti, unaimba kwa nguvu ndege wasitue, na wa shamba la pili wanakupokea. Wimbo ukishapokewa si wako tena, haurudi. Nilijua, ndiyo maana nilipachagua. Nikayapanga maneno yake yale yale: nazunguka tu, yule siyo mimi. Nikaongezea na honi, pii pii. Sitadanganya, nilisikia raha!

Siku ya tatu mashamba yote yanaimba. Shangazi, mama yake mzazi, akaniita toka dungu lake, "We mtoto, huyo kichaa wako wa mjini umemtoa wapi?" Akacheka, akapokea.

Wiki hiyo hiyo binamu akaja bila taarifa, apumzishe kichwa kwa mama yake. Akapita katikati ya mashamba na begi lake, akasikia maneno yake, na sauti ya mama yake ndiyo kubwa kuliko zote. Nilimwona toka juu. Alisimama, akanitazama, akageuka na njia aliyojia.

Jioni alinipigia. "Wimbo wako nilikuibia, nisamehe. Ila mimi sikukuibia pa kurudi." Akakata. Hapatikani tena, na shangazi kila asubuhi ananiuliza kama nimesikia habari zake. Bado sijamwambia.

Wewe uliyekasirishwa na mtu, mtukane usoni umalize. Alichokwambia akilia usikiguse.

Jana nilipanda dunguni peke yangu, nikaanza wimbo mpya wa kuufuta ule. Ng'ambo wakanijibu kwa ule ule. Nikachukua debe, nikagonga mpaka ndege wakaisha, mdomo nimefumba.