Tairi Pana Nusura Zituue Njia ya Kondoa

Leo nimemwona mama yangu akifumba macho akisubiri kufa, na kosa ni langu.

Jana nilifunga kwenye pikapu yangu tairi pana kuliko zile ilizokuja nazo. Fundi wa Chang'ombe alinionya: "Kaka, hizi zitagusa madigadi, hii plastiki ya juu ya tairi, ukikata kona na mzigo."

Nikamwambia afunge tu. Nilitaka gari lionekane la kibabe.

Asubuhi nikampakia mama na magunia yake ya mahindi, tunaenda Kondoa kwa shangazi.

Kwenye kona moja ya mteremko, lori likatokea mbele, linatujia. Nikakata usukani kushoto.

Usukani ukagoma.

Tairi lilikuwa limekwama kwenye madigadi. Linasaga, mpira unanuka kuungua, na sisi tunaelekea moja kwa moja kwenye lori.

Nilivuta kwa mikono miwili mpaka plastiki ikapasuka huko chini, gari likaruka nje ya lami. Lori likapita na kioo changu cha pembeni.

Mama alifumbua macho. Kisha akasema taratibu, "Mwanangu, nisimamishie basi."

Akapanda. Hakugeuka nyuma.

Nimelifuata basi lile polepole mpaka Kondoa.

Sasa nimekaa nje kwa shangazi. Ndani namsikia mama anamwambia shangazi kuhusu kioo kilichovunjika, "Ni barabara tu, mtoto anaendesha vizuri."

Naogopa kuingia.

Jamani, ingekuwa nyie mngeingia mkasema nini?