Mbege ya Kununua

Haya, sogeeni jamani! Mwenye kiti akae, asiye na kiti akalie ndoo, ila mtu asinisinzilie. Mwenzenu shule niliipita kwa nje kama ng'ombe anayekwenda mtoni, lakini pua Mungu alinipa. Juzi nimepita mahali mbege, pombe yetu ya Kichaga, imechacha, ile harufu ya ndizi na ulezi ikanikamata shingoni, ikanirudisha mpaka uani kwa babu, Old Moshi.

Nilikuwa nalala kitanda kimoja na shangazi Anjela, mdogo wake baba. Shangazi akicheka, kahawa inaiva kabla ya msimu. Sidanganyi, naongeza chumvi tu. Tukimenya ndizi ananisimulia zile hadithi za zamani: kijana hana hata kandambili, kampenda binti wa mangi, yaani chifu, mangi anamtuma kitu kisichopatikana, kijana anakileta, harusi inapigwa, wanachinjwa mpaka mbuzi wa jirani. Mimi nikajua dunia ndivyo inavyokwenda.

Na shangazi alikuwa na wake. Elia, mtu wa Singida, kibarua wa mpunga kule Mabogini. Walikutana sokoni, akamsaidia kujitwika mkungu. Mrefu huyo! Akisimama Mabogini, kofia yake inashika theluji ya mlimani. Shangazi akamwambia babu waziwazi:

"Baba, ni huyu au siolewi."

Babu akasema tu, "Waje."

Wakaja, Elia na mjomba wake, na ndoo ya mbege, maana waliambiwa kwa Wachaga huendi kuomba mke mikono mitupu. Ambacho hawakuambiwa ni kwamba mbege ya kuombea mke unaipika kwenu, kwa ndizi za kihamba chenu, lile shamba la urithi lenye nyumba yenu na makaburi ya wazee wenu. Baba wa binti akiinywa, amekubali. Asipoinywa, mshike njia.

Shangazi akachota kwa kata, akampa babu kwa mikono miwili. Babu akaifikisha mdomoni, nikaona kabisa povu limegusa sharubu. Halafu akauliza, kwa upole:

"Inanukia vizuri. Ndizi za kihamba gani hizi?"

Mjomba akatanua kifua. "Aa, mzee, sisi hatukuja na vitu vya kuokoteza! Hii tumeinunua Bomang'ombe, ile ya bei ya juu kabisa!"

Jamani! Babu akashusha kata, akaiweka chini taratibu kama mtu anayelaza mtoto.

"Elia, mwanangu, wewe kijana mzuri. Lakini nikikupa binti yangu, siku akifa utamzika wapi?"

Elia, kibarua asiye na kihamba, akainama akaifunika ndoo.

Mwaka haukuisha, shangazi akaolewa na mzee mmoja mwenye malori na kihamba cha kupotelea. Nilikuwa naenda kumsalimia. Anakupikia mtori, ile supu ya ndizi, anakuuliza habari za nyumbani, lakini kile kicheko sikukisikia tena. Nilishakuwa na watoto wangu ndipo nikaelewa kwamba babu hakumchukia Elia hata kidogo. Na hapo ndipo palipouma. Anayekuchukia unaweza kupambana naye. Huyu anayekuonea huruma huku anafunga mlango, utamshindaje?

Lakini siku ile, mtoto mimi, nilikuwa nasubiri tu ule mtihani wa kwenye hadithi. Nikaona wageni wanainua ndoo yao, nikachomoka mbele ya wazee wote:

"Babu! Mbona humtumi? Mtume akalete maziwa ya simba, atayaleta!"

Uwanja mzima ukacheka, isipokuwa shangazi. Elia akageuka getini, kama mtu anayesubiri kweli kutumwa. Babu alimwona. Akanivuta magotini, na maneno yakamtoka kabla hajayapima:

"Simba angemkamua, mjukuu wangu, naamini kabisa. Sasa kihamba atakikamua wapi?"