Rwezaura Mwezekaji na Moto Alioufukuza

Katika Kituntu yote, na hata ng'ambo ya vilima mpaka Isingiro, ukimtaja Rwezaura hakuna aliyekuuliza Rwezaura yupi. Alikuwa mwezekaji. Nyumba za msonge, zile za duara zenye paa la nyasi linaloteremka kutoka kileleni mpaka karibu na ardhi, alizijua tangu hajaota ndevu, na tuseme kweli, sifa zilikuwa zimempanda kichwani. Akifika kwa mtu, hamsalimu mwenye nyumba kwanza, anakagua paa. "Hili liliezekwa na nani?" atauliza, na kabla hajajibiwa amekwisha kutikisa kichwa. Watu walimvumilia kwa sababu nyumba aliyoezeka yeye haivuji.

Sasa sikia kituko. Mwaka wa hamsini na mbili nyumba yake mwenyewe ikaanza kuvuja.

Ilianza juu ya kitanda, upande wa Rwezaura. Akakisogeza kitanda. Ikavuja upande wa mkewe. Mkewe aliitwa Kokuhirwa, mwanamke wa maneno machache, na hayo machache aliyachagua vizuri. "Baba Joviana," alimwambia, kwa jina la binti yao aliyekwisha kuolewa, "niambie tu kama tunahamia ziwani, nijifunze kuogelea." Rwezaura akapanda, akaziba. Ikavuja kwingine. Akang'oa nyasi za upande mzima akaweka mpya, na mvua zilizofuata zikapita mulemule. Nyasi zilikuwa zinamomonyoka mkononi, zimeliwa na wadudu.

Hapa lazima niseme jambo ambalo Rwezaura hakutaka kulifikiria. Miaka mitatu kabla ya hapo alialikwa harusi Bugene, kwa mfanyabiashara mmoja aliyetoka Muleba, akaona huko jiko limejengwa uani, peke yake, na nyumba kubwa imebaki safi haina hata chembe ya masizi. Akarudi nyumbani kifua mbele. Kupikia ndani ni ushamba, akatangaza. Siku hiyo hiyo akayatoa mafiga matatu, akajenga kibanda cha jiko nyuma ya nyumba. Kokuhirwa alisema moto umekaa mle ndani tangu enzi za mama mkwe, uachwe. Mumewe akamcheka.

Basi siku moja watu walikuwa wanakunywa rubisi, pombe ya ndizi, uani kwa jirani yao Xaveria, na utani ukamgeukia Rwezaura. Huyu akamuuliza kama anauza maji ya mvua, yule akasema atamtafutia mwezekaji. Rwezaura akatabasamu mpaka tabasamu likamwishia. Halafu akaropoka. "Paa langu halina kosa," alisema. "Kosa ni la yule mwanamke. Mvivu. Hafagii dari, ananifugia wadudu." Alisema hivyo mbele ya watu kumi na watano.

Kabla jua halijatua Xaveria alikuwa amekwisha kuyafikisha maneno hayo, pamoja na nyongeza zake. Asubuhi Kokuhirwa akafunga nguo zake, akavuka bonde, akaenda kwa kaka yake Egbert kwenye kilima cha pili. Ukikaa mlangoni kwa Egbert unaiona nyumba ya Rwezaura yote, na migomba yake, na yeye mwenyewe akipita. Alikwenda kukaa mahali ambapo mumewe angeonwa kila siku.

Kwa desturi yetu, mke akirudi kwao mume hufuata. Hubeba kibuyu cha rubisi, huketi chini mbele ya ndugu wa mke, akataja kosa lake kwa mdomo wake mwenyewe. Rwezaura alikuwa radhi abebe ng'ombe mgongoni kuliko hayo. "Atarudi mwenyewe," aliwaambia watu. Mwezi ukapita. Akawa anachoma ndizi zinazoungua nje na kubaki mbichi ndani, anakula huku amesimama. Alimkumbuka mkewe mpaka kifua kikamuuma, lakini hakumwambia mtu.

Ndipo lilipokuja lori la kahawa kutoka Bukoba, na ndani yake karani mmoja kijana, mtu wa Muleba, Kamugisha, amevaa kaptura iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe. "Shikamoo mzee," alisema. "Serikali inakuita."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mji ulitaka kutengenezwa upya pale ufukweni mwa ziwa. Maduka ya zamani yangebomolewa, barabara ingepanuliwa, soko jipya lingejengwa. Na katikati ya yote hayo palikuwa na msonge mmoja mkubwa wa zamani, ambamo wakubwa walikutana tangu wakati wa Wajerumani, nao haukutakiwa kubomolewa. Ulitakiwa kukarabatiwa uwe kama ulivyokuwa, watu waje kuutazama. Mafundi wa mjini walijua saruji na bati. Wa nyasi hakuwapo. Rwezaura alipanda lori hata hakuuliza chakula kitakuwa nini.

Mjini alifanya kazi wiki sita, na hakuna aliyepumzika. Bwana mkubwa wa ujenzi, Mwingereza mwenye masharubu mekundu, alikuwa ameuchora msonge kwenye karatasi na kuuongezea mlango mrefu, ili wageni wasiiname. Rwezaura alikataa. Alisema mtu akiingia kwa watu lazima ainame, na asiyetaka kuinama abaki nje atazame ziwa. Kamugisha akatafsiri maneno hayo kwa upole zaidi kuliko yalivyosemwa. Mlango ukabaki mfupi, na siku ya kwanza ya ukaguzi bwana mkubwa akaliacha kofia lake kwenye kizingiti.

Kila kitu kikaenda vizuri mpaka paa lilipokwisha. Lilikuwa zuri mno, limekatwa pembezoni sawasawa, na wapita njia walisimama. Rwezaura akashuka kwenye ngazi, akajifuta mikono, akauliza, "Sasa nani atapika humu?"

"Hapikwi humu, mzee," Kamugisha akasema. "Hii ni nyumba ya umma. Tena kuna amri, moto hauruhusiwi ndani ya jengo la nyasi. Mlinzi wa zamani alikuwa na jiko lake, tumemhamisha."

"Amri ya nani?"

"Ya mji."

Rwezaura akaketi juu ya mzigo wa matete. Akaanza kumweleza karani taratibu, kama unavyomweleza mtu asiyejua ndizi inavyomenywa. Nyasi, alisema, zinataka moshi. Moshi ukipanda kila siku unakausha unyevu, unafukuza wadudu, na masizi yanazishika nyasi zisioze. Msonge wenye moto ndani utamzika aliyeujenga. Uondoe moto, na mvua za mwaka wa tatu zitakukuta kitandani. "Hata uwe mwezekaji hodari namna gani," alisema, na hapa alijigonga kifua, "ukiufukuza moto umeifukuza nyumba yenyewe. Mtu anayetoa mafiga ndani ya msonge halafu anashangaa unavuja, huyo ni mjinga, na wala asimlaumu mtu."

Kamugisha alikuwa anaandika yote. Akainua kichwa. "Na kwako, mzee, moto unawaka ndani?"

Rwezaura akaligeukia ziwa, na uso ukapata moto. Aliona kibanda chake cha jiko nyuma ya nyumba, na mafiga matatu aliyoyatoa kwa mikono yake. Akaona watu kumi na watano uani kwa Xaveria. Aibu ikamwinamisha pale pale juu ya matete.

"Mzee, unaumwa?"

"Naumwa," alisema Rwezaura. "Andika uombe moto uruhusiwe, upesi. Nataka kwenda nyumbani."

Barua ziliandikwa tatu kwa wakubwa wa mji. Ya kwanza ilijibiwa kwamba nyumba itapigwa dawa ya wadudu. Ya pili haikujibiwa. Ya tatu ilirudi na uamuzi ambao Kamugisha aliusoma mara mbili ahakikishe: moshi unaruhusiwa, moto hauruhusiwi. Wakakaa siku nzima na bwana mkubwa wakitafuta namna ya kutii amri hiyo. Mwisho mlinzi wa zamani alirudishwa, akapewa karai la chuma la makaa na majani mabichi ya kuweka juu, na cheo kipya ambacho yeye mwenyewe hakuweza kukitamka. Jioni hiyo moshi mwembamba ulitoka juu ya kilele. Bwana mkubwa alipiga makofi. Rwezaura alikuwa amekwisha kupanda lori.

Alifika Kituntu, hakuingia hata kwake. Alinunua kibuyu cha rubisi njiani, akavuka bonde, akafika kwa Egbert. Ndugu wa Kokuhirwa walikuwapo, na Xaveria pia, maana Xaveria hukuti jambo limemkosa. Kokuhirwa alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua macho.

Rwezaura akaketi chini, vumbi la safari lote mwilini. Maneno yalikuwa mazito kuliko ngazi zote alizowahi kubeba.

"Shemeji," alimwambia Egbert, "nilisema dada yako ni mvivu. Nilidanganya. Paa liliharibika kwa sababu mimi niliutoa moto ndani. Aliniambia nisiutoe, nikamcheka. Kosa ni langu."

Kokuhirwa akamaliza kumenya ndizi aliyoishika, akachukua nyingine.

"Kaka hajasikia," alisema.

Egbert alikuwa amekaa hatua mbili kutoka pale, na masikio yake hayakuwa na ubovu wowote. Lakini akaweka kiganja sikioni. Rwezaura akarudia. Xaveria naye akasema upande wake haukusikika vizuri, na Rwezaura, jasho likimtiririka, akarudia mara ya tatu kwa sauti ya kusikika mpaka bondeni. Ndugu wakacheka, kibuyu kikafunguliwa. Kokuhirwa hakucheka, wala hakunyanyuka.

"Nimesikia," alisema. "Nenda kaurudishe moto ulipokuwa. Mimi nipo hapa mlangoni, naona."

Rwezaura akavuka bonde tena. Kilima kizima kikamwona akiyabeba mafiga, moja moja, kutoka jikoni mpaka ndani ya nyumba, mwezekaji mwenye jina lake, amekumbatia mawe ya kupikia. Walioona walimwita wenzao. Hakujali. Akayapanga pale pale yalipokuwa zamani za mama yake, akaweka kuni, akawasha. Moto ukakataa. Akapuliza mpaka akaona kizunguzungu. Nyumba ikajaa moshi mzito, yeye anakohoa katikati, magoti chini, na akawaza kwamba juu ya paa hakitoki kitu, kwamba kule ng'ambo mkewe anatazama paa tupu, na kwamba hatakuja. Hofu hiyo hakuwahi kuipata juu ya ngazi yoyote.

Kisha mlangoni pakaingia giza. Kokuhirwa alikuwa ameinama, akaingia, akasimama na kufumba pua kwa kanga. Aliliangalia paa. Akaziangalia kuni.

"Umewasha kuni mbichi," alisema. "Sogea."

Rwezaura akasogea. Mkewe akachutama, akazitoa zile mbichi, akapanga kavu, akapuliza mara moja tu. Moto ukashika. Na Rwezaura, mbele ya Xaveria aliyekwisha kuingiza kichwa mlangoni, akalia machozi yaliyoonekana, wala hakusingizia moshi.