Mikono Iliyotoka Mawinguni

Utacheka, najua. Mke wangu alicheka pia. Lakini haya yalinikuta mimi mwenyewe, mchana kweupe, hapa Point, Durban, kwenye kibanda changu cha usonara.

Shemeji yangu Furaha alikuwa anaolewa Jumamosi. Akaniletea medali ya fedha ya Kiholanzi, ya kuadhimisha ndoa ya watu wa kale. Alipewa na bibi mmoja wa mtaa wa Glenwood; Furaha ndiye aliyemtunza bibi huyo hadi akafa.

"Shemeji, yeyusha tu," akasema. "Iko feza ya kweli, itatoa pete mbili." Pete za dukani hakuziweza.

Nikaisugua, nikabaki mdomo wazi. Mikono miwili inatoka mawinguni, imeshikana. Chini yake mioyo miwili inawaka juu ya madhabahu. Upande wa pili, meli inaingia bandarini. Niamini, mimi ni fundi, na kazi ya namna ile sijaiona tena. Hata kucha zinaonekana! Lakini nilishaahidi pete. Nikawasha moto.

Ndipo akaingia mzungu mrefu, koti zito jeusi, kola nyeupe pana. Joto la Durban unalijua; koti la nini? Akaongea Kiswahili chetu cha Bukavu, kule Kongo, kabisa.

"Ile mikono ni ahadi. Mioyo ni mapendo yenye haizimike. Na meli, ni ndoa yenye imefika salama. Sasa unataka kuyeyusha nini, fundi?"

Sisi kwetu, mkono ukiwa mchafu, mgeni unampa kifundo cha mkono akisalimie. Mikono yangu ilikuwa myeusi kwa dawa ya kusugulia, basi nikampa kifundo. Akakishika. Nikahisi vidole vya baridi vikinibana. Nikatazama: mkono wa koti lake ulikuwa mtupu, linatoka humo wingu dogo jeupe tu. Wewe ungefanya nini? Mimi nilizima moto. Kugeuka, hayupo.

Nilipomsimulia Furaha, alilia, akaniita mwongo. "Eish, shemeji, utaniaibisha kanisani!" Nilimwelewa, na niliumia. Lakini Jumamosi, badala ya pete, mchungaji aliweka ile medali kati ya viganja vya Furaha na mumewe, akawaambia washikane. Nimehudhuria harusi nyingi zenye pete za dhahabu. Nzuri kama ile sijaiona.

Alama za vidole bado ziko kwenye kifundo changu, nyeupe, hazitoki kwa sabuni wala mafuta. Kwa hiyo nakuonya: kabla hujapeleka kitu cha zamani motoni, kitazame pande zote mbili, ujue kinasema nini. Ukikileta kwangu bila kukitazama, nitakurudisha nacho nyumbani.